Winga Simeo na Picha Mbili kwa Sekunde

Leo nimeaibika mbele ya nchi mbili. Sitanii. Tanzania ilikuwa imekaa kwenye kochi, Zambia imekaa kwenye stuli, na mimi niko katikati nimeshika pedi ya gemu, jasho linanitiririka, na huku Tunduma ni mvua na baridi tangu juzi.

Nawasimulia mwenyewe kabla binamu yangu hajawasimulia. Atawasimulia tu. Ameshapiga picha.

Ngoja nianze mwanzo. Mama yetu alifariki mwaka jana, wengi wenu mlikuja kuzika, asanteni. Tangu hapo baba yangu, Mzee Simeo, amebaki kijijini Msangano na kuku wake, na amenyamaza. Si kwamba amenuna. Amenyamaza tu. Ukimpigia simu anasema "tupo". Ukimuuliza amekula nini anasema "tumekula", kana kwamba bado wako wawili. Halafu anasubiri wewe ndiye ukate. Ile "tupo" ilikuwa inaniumiza, nikawa nampigia mara chache zaidi (ndiyo, najua ninavyosikika).

Sasa mimi mnanifahamu. Kazi yangu ni makaratasi ya malori pale mpakani, lakini ugonjwa wangu ni gemu za zamani. Kwenye kompyuta nina programu inayoitwa emuleta. Inaifanya kompyuta ijidai kuwa ndiyo ile mashine ya gemu tuliyokuwa tunachezea vibandani enzi zile. Uzuri wake, gemu ambalo kwenye TV ya kibandani lilikuwa ukungu mtupu, humu unaweza kulikuza mpaka ukaona nyasi moja moja za uwanja. Na unaweza kujirekodi unavyocheza, ukapata video safi, kali, ya kumringishia mtu.

Tatizo ni kompyuta yenyewe. Ni kuukuu, niliipata Nakonde, upande wa Zambia, kwa mtu aliyeonekana kufurahi mno kuachana nayo. Ukiiwekea ubora wa juu inaanza kuhema. Video ya kawaida inataka picha sitini kila sekunde. Yangu inatoa mbili. Lakini emuleta ina ujanja wake. Inakubali kurekodi picha moja moja, taratibu, hata ikichukua siku nzima, halafu mwishoni inazipanga zote zikimbie kwa mwendo wa sawasawa. Anayetazama hajui kitu.

Maana yake ni kwamba wakati narekodi, gemu linatambaa. Beki anakuja kunikaba, na mimi nina muda wa kumtafakari, kumuonea huruma, na kuchagua kama nimpite kushoto au kulia. Nacheza mpira kama drafti. Dakika kumi za mechi zinanichukua saa tano. Nikikosea, narudi pale nilipohifadhi, naanza upya. Lakini video ikitoka, si mchezo! Ni chenga, ni kanzu, ni krosi za kuchungulia, utadhani nina mikono minne.

Mwezi mmoja baada ya msiba nikapata wazo. Gemu lile linaruhusu kubadili majina ya timu na wachezaji. Nikatengeneza timu nikaiita Msangano. Winga wa kulia, namba saba, nikamwandika SIMEO. Baba ujanani alikuwa winga wa timu ya kata, na wazee wenzake mpaka leo wakikutana naye njiani wanamwita Saba. Nikarekodi Simeo anawapangua watu wanne na kufunga. Nikaituma kwenye simu yake.

Akanipigia. Yeye mwenyewe, kwa salio lake!

"Weston, huyu mwenye mbio ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tumzike mama. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi huku nikakaa chini ya ukuta wa ofisi na makaratasi ya watu mkononi, nikalia kidogo (vumbi, niliwaambia wenzangu).

Basi nikawa fundi wa kumchekesha baba. Kila wiki mbili, video. Simeo kafunga kwa kichwa. Simeo kafunga moja kwa moja kutoka kona. Baba akawa anazunguka na simu, anawaonyesha watu dukani, anawaonyesha watu nje ya kanisa ibada ikiisha. Siku moja akaniuliza, "Huyu Simeo anaendeshwa na kompyuta au na wewe?" Nikajibu ni mimi, kwa mikono yangu. Si uongo. Nilinyamazia mwendo tu. Akasema, "Una mikono, mwanangu. Mimi nilikuwa na miguu, wewe una mikono."

Jamani. Nina miaka thelathini na minne, na baba yangu hajawahi kunisifia kwa jambo lolote. Hata nilipofaulu shule alisema "haya". Mlitaka nimkatalie?

Sasa tuje leo.

Baba aliingia huku Tunduma juzi kuja kuangaliwa macho. Jana akapewa miwani. Leo ndiyo siku ya kwanza baada ya miaka mingi baba yangu anaona vizuri (bahati yangu hiyo). Alikuwa arudi na gari la saa nane, kwa sababu ya kuku. Asubuhi shangazi Edina, dada yake, aliyeolewa Nakonde, akavuka kuja kumsalimia. Akaja na mwanawe Chanda.

Chanda ni binamu yangu, na mnajua binamu alivyo. Ruhusa ya kukutania amezaliwa nayo. Aliingia na matope mpaka magotini, akapiga kelele toka mlangoni, akitusalimia kwa heshima zote za Kibemba, "Mulishani mukwai! Ba Weston, bado mnene?"

Hata hajakaa, baba akamtolea simu. "Njoo uone. Njoo uone mjomba wako alivyokuwa." Kisha akaongeza ile sentensi iliyoniua. "Anayeniendesha ni huyu hapa. Hakamatiki. Hapa Tunduma hakuna, na huko kwenu Nakonde sidhani."

Chanda akaitazama video. Akanitazama mimi. Akaitazama tena video.

"Hakamatiki?"

"Hakamatiki," akasema baba.

"Basi tucheze hapa hapa. Nchi kwa nchi."

Nikasema kompyuta ina shida. Mke wangu Tumaini akatokea jikoni, "Haina shida, nimeifuta hata vumbi." Nikasema pedi ya pili imepotea. "Iko kwenye droo," akasema Tumaini (mke mwema hutoka kwa Bwana). Nikabaki na tumaini moja, umeme. Umeme wetu hukatika hata wingu likipita. Leo mvua inanyesha, radi inapiga, na taa zinawaka kama mkesha wa Krismasi.

Baba akasogeza kochi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Majirani wawili waliokuwa wamejibanza barazani kukwepa mvua wakaambiwa waingie. Wakaingia. Na wao wakakaa.

Sikiliza ujinga wangu. Nikafungua gemu nikaliwekea ubora wa juu kabisa, ule wa kurekodia, ili litambae. Nilijua nikipata mwendo wangu, Chanda namla. Mechi ikaanza. Wachezaji wakaingia uwanjani hatua moja, kimya, hatua nyingine, kimya.

Chanda akasema, "Mbona wanatembea kama wanasindikiza jeneza?"

Chanda mwenyewe akajishika mdomo. Shangazi akakohoa. Baba akatazama chini, akatazama dirisha, halafu akasema kwa upole, "Endeleeni, watoto."

Kwa aibu ya lile neno Chanda akataka kutengeneza mambo haraka. Akainama mbele yangu, akashika kipanya, akafungua sehemu ya mipangilio, akashusha ubora. Mibonyezo miwili. "Nyumbani ninayo hii hii," akasema. Gemu likachomoka mbio.

Ndugu zangu, sikujua mpira ule una mbio namna ile. Miezi yote hiyo nacheza, na sikuwahi kuuona ukikimbia. Simeo akapewa mpira. Kabla kidole changu hakijakumbuka kitufe cha pasi ni kipi, mpira uko kwa Chanda, na kipa wangu anaokota nyavuni.

"Hilo ni la kupasha," baba akawaambia majirani. "Huwa anaanza hivyo."

La pili likaingia. La tatu. Simeo akipata mpira anakimbia nao nje ya uwanja. Akipata tena anaukanyaga. Mara akagongwa na beki, akaruka juu, akatua kwa mgongo nyasini.

"Weston," baba akaniita taratibu. "Mbona naanguka?"

"Wanacheza rafu, baba."

"Mwamuzi hajapiga filimbi."

"Mwamuzi naye..." La nne.

Lilipoingia la tano, shangazi, mama mzazi wa anayenifunga, akaanza kunishangilia mimi. "Jitahidi, baba, jitahidi." Hakuna kitu kinachodhalilisha kama huruma ya mama wa adui. Tumaini akarudi jikoni kuangalia sufuria ambayo nina hakika haikuwa na kitu. Jirani mmoja akasema mvua imepungua, akatoka. Ilikuwa inanyesha kwelikweli.

Halafu likaja lenyewe. Ilipigwa kona langoni kwangu. Nikasema sasa nimrudishe Simeo asaidie ulinzi, baba aone moyo wake. Simeo akarudi mbio, akaruka juu kuliko wote, akapiga kichwa kimoja kikali, kizuri, cha kuandikwa vitabuni.

Golini kwake mwenyewe.

Na gemu lile, lilivyo na roho mbaya, huwa linaandika jina la mfungaji kwa herufi kubwa. SIMEO, na chini yake, kajifunga. Kisha likarudia. Kwa mbele, kwa nyuma, kwa juu. Taratibu! Sasa ndiyo likapata utaratibu! Baba akainama mbele na miwani yake mipya akajitazama anajifunga mara tatu, bila kupepesa.

Mechi ikaisha nane bila. Chanda akapiga picha ya matokeo na mimi nikiwa pembeni yake. Nikaiona picha hiyo. Nina sura ya mtu aliyeshuka stendi siyo.

Hapo baba akafanya kitu ambacho bado kinanichoma. Akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mkono unakuuma, eh? Tangu jana nakuona unaushika."

Sikuwa nimeushika mkono. Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Mzee wa watu ananidanganyia mimi, mbele ya dada yake na jirani. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, baba, unauma.

Tumaini akawa ameshatoka jikoni na chai. "Lakini baba, huyu huwa hachezi hivi," akasema, anamimina, hana baya lolote moyoni. "Akiwa anakurekodia wewe linakwenda polepole. Unakuta anakunywa chai huku mpira uko hewani. Siku moja nilikwenda sokoni nikarudi, mpira haujatua."

Chanda akacheka peke yake, akaona hakuna mwingine, akaacha.

Ikabidi niseme. Nikamweleza baba yote, picha mbili kwa sekunde, kurudia, kuhifadhi, kupanga. Nikamweleza nikiwa nimeangalia kapeti. Nilijiandaa kwa "haya" yake ile ya zamani. Nilijiandaa aniulize kwa nini nimemfanya awaringie watu wa Msangano kwa kitu cha uongo. Maana ndicho nilichokuwa naogopa, kwamba nimemnyang'anya kicheko chenyewe, na kile kilikuwa ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho kutoka kwangu.

Akauliza kitu kingine.

"Lile goli la kona. Lilikuchukua muda gani?"

"Jioni tatu, baba. Nilikuwa nakosea."

"Na lile la kichwa?"

"Jioni mbili."

"Umenitumia mangapi yote?"

Sikukumbuka. Chanda, ambaye bado ameshika kipanya, akahesabu kwenye kompyuta. "Kumi na tisa, mjomba."

Baba akavua miwani akaiweka mapajani. Akawa anahesabu, naona midomo yake inacheza. Mimi najua alichokuwa anakihesabu, kwa sababu kila aliponiuliza kwa simu nitakwenda lini Msangano, nilimwambia sina nafasi, malori ni mengi, naingia nyumbani nimechoka, barabara mbovu. Tangu tulipomaliza msiba sijakanyaga. Hata mara moja.

Akasema, hata sauti hakupandisha, "Kumbe jioni zote hizo ulikuwa unacheza na mimi huku. Na mimi niko peke yangu kule."

Basi.

Nane bila nilikuwa nimeshaanza kuizoea. Hii haina hata pa kuishika. Shangazi akasema chai inapoa. Hakuna aliyeinywa. Jirani aliyebaki akaaga kwa kichwa. Chanda akazima kompyuta mwenyewe, akanipiga begani, akasema "Pole, ba Weston," bila utani hata chembe. Binamu akiacha kukutania, ujue umekwisha.

Saa saba na nusu nikampeleka baba stendi. Mimi mwavuli, yeye kifurushi cha dawa za macho na mkate. Njiani aliongea mambo ya kuku tu. Kwamba kuna jogoo anayempiga mwenzake. Kwamba amemwachia mtoto wa jirani funguo. Tulipofika mlangoni mwa gari akanigeukia.

"Kijijini sitawaambia," akasema. "Waache waamini."

Nikamwingiza, nikamkalisha, nikaweka kifurushi chake miguuni, nikamuaga. Konda akagonga bodi. Nilitakiwa kushuka. Nilikuwa najua kabisa kwamba natakiwa kushuka, na Jumatatu malori yananisubiri, na makoti yangu yote yako nyumbani. Nikasimama pale mlangoni kama mzigo uliosahauliwa mpaka gari likaanza kutembea. Nikakaa.

Baba akanitazama. "Unakwenda wapi?"

"Msangano."

"Na malori?"

"Yatasubiri. Ndiyo kazi yake."

Akasogea. "Kaa huku," akasema. "Dirisha hilo linavuja."

Kwa hiyo naandika haya nikiwa kiti cha nyuma, barabara ni tope tupu, gari limeshakwama mara moja na nimeshuka kusukuma nikiwa na ndala, moja imebaki kwenye tope. Baba amelala, miwani imemshukia puani. Sijui tutaongea nini tukifika. Sijui hata kama kuna mboga. Sijui ile nyumba ikoje bila mama.

Msinicheke, nawaomba. Na mlio karibu na kwangu, mmoja wenu apite amwambie Tumaini, maana hapokei simu, na anaamini mpaka sasa kwamba nimeenda stendi mara moja narudi.